Difyuza na Barabara Zetu: Mafunzo Niliyopata

Kazi yangu ni bodi za magari: kunyoosha bati, kuziba fiba, kupaka rangi. Huku Nyabibuye wateja wangu wengi huleta Probox, Noah na pikapu za kubebea mazao. Ila mwisho wa mwaka vijana wetu waliokwenda kutafuta maisha mijini hurudi na Altezza, Mark X na Subaru Impreza, na swali limekuwa lile lile: fundi, nikifunga difyuza gari litashika barabara vizuri zaidi? Wanamaanisha lile bamba lenye mapezi linalokaa chini ya bampa la nyuma. Nimezifunga na kuzifungua za kutosha, na jibu langu ni hapana.

1. Difyuza peke yake haina kazi.

Upepo unaopita uvunguni mwa gari ukibanwa kati ya sakafu na lami huenda mbio, na mgandamizo wake hushuka, kama maji ya mfereji yanavyokimbia penye wembamba na kutulia penye upana. Hapo ndipo gari linapovutwa chini na tairi kung'ang'ania lami. Difyuza ni ule upana wa mwisho: inautuliza upepo na kuutoa nyuma taratibu, na kwa kufanya hivyo inavuta mwingine upite kwa kasi zaidi. Kwa hiyo inahitaji sakafu bapa mbele yake na gari lililokaa chini sana. Lotus 79, gari alilotwalia Mario Andretti ubingwa wa Formula 1 mwaka 1978, lilitumia uvungu mzima, na pembeni likazibwa kwa sketi ili upepo usivuje. Mwaka 2009 timu za Brawn, Toyota na Williams zilikuja na difyuza ya ghorofa mbili. Ilileta ugomvi mkubwa, Brawn wakachukua ubingwa, na kuanzia 2011 ikapigwa marufuku. Kipande hicho kina nguvu kweli, ila nguvu hiyo inatoka kwenye gari lililochorwa lote kwa ajili yake.

2. Spidi zetu hazitoshi.

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa spidi. Dashibodi za magari mengi ya Japani huishia kilomita 180 kwa saa. Ukienda 60 unapata moja ya tisa tu ya kile ambacho ungekipata kwenye 180. Na penye makazi ya watu sheria inataka 50. Sitaki kusikia kijana wa Kasulu au Kibondo akitafuta hiyo 180 kwenye barabara inayopitiwa na watoto wa shule na baiskeli zenye mikungu ya ndizi.

3. Uzi hausemi uongo.

Hili ndilo lililonifundisha kuliko yote. Mteja mmoja alikuwa na Impreza iliyofungwa difyuza ya dukani, na aliamini kwa dhati kwamba gari limetulia. Nikakata vipande vifupi vya uzi wa kufumia, nikavibandika kwa selotepu juu ya paa, kwenye bampa na ndani ya mapezi ya difyuza. Tukaingia kwenye lami. Yeye akaendesha, na mimi nikafuata nyuma kwenye gari jingine huku mwenzangu akirekodi kwa simu. Uzi ukilala kuelekea nyuma, upepo unafuata umbo la gari. Ukizunguka ovyo, upepo umeshabanduka.

Wa juu ya paa ulilala vizuri. Ule wa kwenye difyuza ulikuwa unacheza kila upande, mwingine umegeukia mbele kabisa. Nilipolala chini ya gari sababu ilikuwa wazi. Kabla upepo haujafika kwenye mapezi unagonga bomba la eksozi, difu, mikono ya saspensheni na mafla. Unafika umeshavurugika. Tena bamba lenyewe lilikuwa limeinuka kwa mwinuko mkali, na upepo haupandi ukuta. Kijana aliitazama ile video mara kadhaa bila kusema neno, kisha akaniuliza bei ya shokapu.

4. Wanaoshinda kwenye vumbi huinua gari.

Dereva Colin McRae alishinda mbio za Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 kwa jina hilo hilo la gari. Magari yale ya Safari yaliinuliwa, yakaimarishwa saspensheni na kuwekewa bamba gumu la kinga uvunguni. Difyuza inadai kinyume chake: gari lishuke. Impreza ya kawaida ina kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Ukiongeza kitu kinachoning'inia nyuma, tuta la kwanza au mtaro wa kuingilia nyumbani utakikwangua.

5. Angalia ndoano ya kuvutia.

Difyuza nyingi za bei nafuu huifunika ile ndoano ya nyuma. Masika udongo wetu mwekundu unateleza, na gari likizama watu wema hujitokeza na kamba. Wasipoona ndoano wanafunga kamba popote, na bampa linang'oka. Hili nimelitengeneza mara nyingi, na linaniuma kwa sababu linazuilika kwa msumeno na dakika chache.

6. Uzuri ni sababu halali.

Mtu aliyetafuta pesa yake kwa jasho ana haki ya kupenda gari lake lipendeze, na simkatalii. Ninachomwomba ni kwamba tuanze na tairi, breki na shokapu, maana hivyo ndivyo vinavyotuliza mkia kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi. Pesa ikibaki tunafunga difyuza fupi ya plastiki laini. Fiba hupasuka kwa kokoto. Difyuza hiyo iwe mbali na eksozi isije ikalegea kwa joto, isifunike namba wala taa, na ishikwe kwa bolti, si gundi. Mvua zikianza, spana moja inatosha kuitoa, na gari linaendelea na safari zake.