Chanjo Mpya Ikifika Mtaani, Usingoje
Kijitabu cha kusomwa nyumbani, Kibera na Kawangware

Kabla ya yote

Kisome kwa sauti ili na asiyejua kusoma asikie. Ukimaliza, mpe jirani. Kisifungiwe mandazi kabla hakijazunguka ploti nzima.

Tabia moja

Watu wa mitaa hii wanaoikataa chanjo waziwazi si wengi. Pita Gatwekera, Laini Saba, Gatina au Kawangware 46 ukiuliza, na jibu utakalolisikia mara nyingi ni hili: "Acha kwanza tuone." Anayekataa tunaweza kukaa chini tukabishana. Anayengoja anakubaliana nawe, anakushukuru, anakuwekea chai, kisha haji. Siku atakayokuja ataletwa na bodaboda, amekaa katikati ya watu wawili wanaomshikilia, na ndugu zake watauliza kama ile sindano bado ipo.

Usingoje. Nitalirudia neno hili mpaka mlichoke, maana mimi nimechoka kuona wagonjwa wa aina ile ile.

Chanjo si tiba

Sindano ya kinga haimponyi aliyekwisha kuugua, na inahitaji kama wiki mbili mwilini kabla haijaanza kukulinda vizuri.

Kungoja kulivyotugharimu mwaka 2021

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwaka mmoja baadaye, mwanzoni mwa Machi 2021, chanjo za kwanza zikatua Nairobi: dozi 1,020,000 za AstraZeneca, kwa nchi nzima. Tarehe 5 Machi, Dkt. Patrick Amoth, aliyekuwa kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, akawa wa kwanza kudungwa, pale Hospitali ya Kenyatta. Kabla mwezi haujaisha, wenye umri wa miaka 58 na zaidi wakaruhusiwa kwenda.

Hapo ndipo watu waliposema, "Acha kwanza tuone."

Walipomaliza kuona, India, ambako dozi hizo zilikuwa zikitengenezwa, ilikuwa imezuia kuziuza nje kwa sababu watu wake wenyewe walikuwa wanakufa. Chanjo zikaadimika hapa. Waliokuwa wamedungwa mara moja waliambiwa wakae wiki 12 badala ya 8 kabla ya dozi ya pili. Kisha Julai na Agosti likaingia wimbi la Delta. Aliyekuwa akingoja tangu Machi alikuta ugonjwa upo mlangoni na sindano haipo.

Chanjo mpya huja kidogo kidogo, na haikuwekei akiba. Kungoja ni kama kutafuta maji wakati moto umeshafika ploti yenu, na moto mnaujua.

Usingoje.

"Lakini haraka haraka haina baraka"

Naambiwa hivyo kila mara, nami hujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali tuziache hapo.

Chanjo ya korona ilipatikana katika muda usiofika mwaka mmoja kwa sababu pesa zilitolewa mapema, kazi ambazo kwa kawaida hufuatana zikafanywa kwa pamoja, na wagonjwa walikuwa wengi kila mahali, hata matokeo yakaonekana upesi. Maelfu ya watu walijitolea kuijaribu kabla haijaruhusiwa. Miongoni mwao walikuwamo Wakenya, kule Kilifi, mwaka 2020. Hao ndio "wengine" unaowangoja waanze. Walishaanza zamani.

Hofu yenu ina sababu

Sitamwita mtu mjinga. Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni kuhusu kufanya majaribio ya chanjo Afrika, kwa maneno ya dharau, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akayalaani waziwazi. Maneno hayo yalifika mtaani kabla ya chanjo yoyote. Lakini jueni pia chanjo waliyokuwa wakiizungumzia: ilikuwa BCG, ya kuzuia kifua kikuu. Tazama mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko. Ukiona kovu dogo pale, ndilo lake. Ulidungwa ukiwa mchanga, na mwanao pia.

Mwezi ule ule watu walikanyagana Kibera, kwenye ofisi ya serikali, wakigombania chakula cha msaada. Kafyu ilikuja na rungu. Waliowekwa karantini wengine walizuiliwa huko kwa kukosa pesa za kulipa. Kisha serikali ile ile ikaja na sindano ya bure. Mtu akiuliza, "Wema huu wa leo umetoka wapi?" ana haki ya kuuliza. Novemba 2021 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa asihudumiwe kwenye ofisi za serikali, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Maoni yangu, wakubwa wangu wayapende wasiyapende: lile lilikuwa kosa. Aliyetishwa huja mara moja, akaondoka na hasira, na dozi ya pili haifuati.

Pamoja na hayo yote, ugonjwa haukusubiri tumalize ugomvi wetu na serikali. Mwishoni mwa 2020 watafiti walipima damu za wakazi wa Kibera, wakakuta zaidi ya 4 kati ya kila 10 wamekwisha kuambukizwa. Wakati huo bado kulikuwa na waliosema korona ni ya matajiri wanaopanda ndege.

Kuhusu kizazi

Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda imetiwa dawa ya kuzuia mimba. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani walikanusha. Machi 2021 chama cha madaktari Wakatoliki kikawaambia watu wasidungwe ya korona, na maaskofu wa kanisa lile lile wakasema inakubalika. Mkiona wakubwa wanavutana, msikae katikati mkitazama kamba inaenda wapi. Mtafuteni mama aliyedungwa na akazaa baadaye. Hamtatembea mbali. Muulizeni yeye.

Chanjo ya korona haifungi kizazi cha mwanamke, wala haimmalizi mwanamume nguvu.

Sauti za WhatsApp

Isiyo na jina la msemaji, hospitali, wala tarehe: ifute, usiitume kwenye kikundi cha chama.

Bei

Bure. Anayekudai pesa kwa chanjo ya serikali ni mwizi, mripoti kwa msimamizi wa kituo.

Sababu isiyosemwa

Ipo, na naijua. Mama anayefua nguo Lavington au Kileleshwa akilala na homa siku moja, siku hiyo watoto hawali. Kijana anayetoka Kibera kwa miguu alfajiri kwenda Viwandani kutafuta kibarua hawezi kupoteza zamu. Watu hawa husema wanaogopa sindano, na wanachoogopa kweli ni kesho yake.

Basi pangeni. Nendeni siku ambayo kesho yake mna nafasi. Kwa wengi ni Jumamosi. Watu wazima wa nyumba wasidungwe wote siku moja, ili abaki mmoja wa kuteka maji na kupika. Lakini iwe Jumamosi hii. Mtu akisema "Jumamosi moja nitaenda", huyo anangoja, na nimesema usingoje.

Siku ya sindano

Kula kwanza. Vaa nguo inayopanda hadi begani. Beba kitambulisho, kama huna, nenda hivyo hivyo umweleze mhudumu, usikae nyumbani kwa sababu ya kadi. Mwambie kama uliwahi kudhurika vibaya kwa sindano au dawa yoyote. Mwambie kama una mimba, unanyonyesha, una homa kali siku hiyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usimfiche kwamba unameza dawa za sukari, presha, kifua kikuu au virusi vya ukimwi, na usiache kuzimeza ukidhani zitagombana na chanjo. Usinywe chang'aa ili upate ujasiri. Usimwache mtu mwingine adungwe kwa jina lako. Usinunue cheti, karatasi haikingi. Ukishadungwa, kaa pale pale dakika 15, hata kama matatu iko tayari. Usikande mahali pa sindano, usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya mitishamba.

Baada ya sindano

Mkono kuuma, homa, baridi, uchovu na maumivu ya kichwa ni mambo ya siku moja au mbili. Parasetamoli na maji vinatosha.

Kimbia hospitali ukiona uso au ulimi umevimba au pumzi inakata, na usingoje kukuche. Kimbia pia ikiwa katika wiki nne za kwanza kichwa kinauma vibaya na hakipoi, macho yanaona ukungu, kifua kinauma, au mguu mmoja umevimba. Damu kuganda kulitokea kweli baada ya AstraZeneca, kwa watu wachache mno, na ndiyo maana nchi kadhaa za Ulaya zilisimama Machi 2021 zichunguze, kisha nyingi zikaendelea. Nawaambia mapema ili msije kuyasikia kutoka kwa mtu anayewauzia hofu.

Dozi ya pili

Andika tarehe yake nyuma ya mlango kwa kalamu isiyofutika.

Nani atangulie nyumbani

Nyanya na babu. Msiseme, "Amezeeka, hata hatoki." Hatoki, lakini ninyi mnatoka, mnarudi, na mnalala naye katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Huko kujitenga tulikohubiriwa redioni ni kwa watu wenye vyumba. Mzee kama huyu mtafutieni bodaboda, au mumshike mkono polepole hadi kituoni. Akiwa hawezi kabisa kutembea, mwambieni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, aulize kama wauguzi wanaweza kufika.

Wafuate wenye sukari, presha, pumu, ugonjwa wa moyo na virusi vya ukimwi. Mjamzito aulize kliniki anakohudhuria, aulize wiki hiyo hiyo.

Nawe baba, usiwatume mama na watoto halafu ukae stendi ya bodaboda ukiuliza waliodungwa wamejisikiaje. Hiyo nayo ni kungoja.

Tangazo likitoka

Uliza Kituo cha Afya cha Kibera South, Kituo cha Afya cha Riruta, Hospitali ya Mbagathi, au mhudumu wa afya ya jamii unayemjua kwa jina. Nenda ndani ya wiki ile ile, umtangulize nyanya. Usingoje.