Mwenzetu Kazini Amejiua: Tufanye Nini?

Tuseme mnafanya kazi katika ghala la chama cha ushirika. Asubuhi moja mnaambiwa kwamba mwenzenu amejiua. Wengine wanalia. Wengine wananong'ona. Kila mmoja anajiuliza, "Mbona sikuona?"

Kwanza, msimamizi awakusanye wote. Awaeleze habari kwa maneno machache, kwa idhini ya wafiwa. Asieleze namna mwenzenu alivyojiua. Msitafute wa kulaumiwa. Mara nyingi kifo cha namna hii huletwa na mambo mengi yaliyokutana, si jambo moja.

Pili, nendeni matangani kama mnavyokwenda kwa msiba mwingine wowote. Wafiwa wasiachwe peke yao kwa aibu.

Tatu, angalianeni. Nani amekuwa kimya? Nani hapati usingizi, au amezidisha pombe? Kaa naye faraghani, umwulize waziwazi, "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hili litamtia mtu wazo hilo. Sivyo. Swali humpa nafasi ya kutua mzigo. Akisema ndiyo, usimkemee wala usimwache peke yake. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Tena, dawa za kuulia wadudu zifungwe kwa kufuli. Hamu ya kufa hupanda na kushuka. Muda huokoa.

Matanga huisha, majonzi hubaki. Baada ya mwezi, mjulie hali tena mwenzako.

Maswali
1. Kwa nini tusitafute wa kulaumiwa?
2. Ni nani kazini kwako hujamjulia hali wiki hii?