Somo la Tisa: Ngeli ya Mahali katika Matembezi ya Ziwani, Msituni na Magofuni

Madhumuni
Mwishoni mwa somo hili mwanachuo anatazamiwa: (a) kupambanua maana za viambishi pa-, ku- na m-, (b) kupatanisha vitenzi, vivumishi na vionyeshi na nomino za mahali, (c) kusahihisha makosa ya mahali yanayotokana na athari ya lugha ya kwanza.

Utangulizi
Ngeli ya mahali ina nomino moja tu ya asili, nayo ni mahali. Nomino nyingine huingia katika ngeli hii kwa kutiwa kiambishi tamati -ni: ziwa huwa ziwani, msitu huwa msituni, lango huwa langoni. Zikiisha kuingia, huacha upatanisho wa ngeli zao za awali na kufuata upatanisho wa mahali. Ndiyo maana twasema msitu wetu ni mkubwa, lakini msituni mwetu mna giza.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwalimu wa Busia au Tororo atatakiwa basi kukifundisha darasani, na pia kukitumia nje ya darasa, anapowaongoza watoto katika matembezi ya masomo. Huko nje kosa la mahali si kosa la daftarini tu. Tusome kwanza kifungu kifuatacho.

Kifungu cha mfano
Tunaanzia Majanji, wilayani Busia, kwenye ufukwe wa Ziwa Viktoria. Huku kunavuma upepo mwanana wa asubuhi, na njia ni tambarare. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuitembea bila taabu. Pale inapovutwa mitumbwi pana vichanja vya kuanikia dagaa, ambao upande wa Uganda huitwa mukene na upande wa Kenya omena. Mitumbwini mna nyavu na makasia. Kule mashariki ndiko uingiako ziwani Mto Sio, ambao katika sehemu ya mwendo wake ni mpaka wa nchi hizi mbili. Hapo tulipo maji yanaonekana matulivu, lakini ndani yake mwaweza kuwamo vijidudu vya kichocho. Kwa hiyo tunatembea kando tu.

Siku ya pili tunaliacha ziwa na kupanda kaskazini hadi Msitu wa Hifadhi wa West Bugwe, ulio katika wilaya iyo hiyo, karibu na Busitema. Njiani kuna jua kali. Tuingiapo msituni, mna kivuli na sauti za ndege. Humu hatukati mti wala hatutupi taka. Penye njia panda tunasimama na kuhesabiana, kisha tunaendelea.

Magofu tutayapata mbali zaidi. Tunavuka mpaka Busia, tunaizunguka Ghuba ya Winam, na kufika Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori nchini Kenya. Jina hili la Kijaluo lenyewe ni somo la mahali: thimlich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma. Kuta zake za mawe zilijengwa pasipo saruji wala udongo wa kuunganishia. Jiwe limeshikwa na jiwe. Unene wake ni kama mita 1, na urefu wa kwenda juu ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Inakadiriwa kwamba boma hili lilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Boma lililo kubwa kuliko yote huitwa Kochieng. Langoni pake pamebana na ni pafupi, hata mgeni hana budi kuinama. Adui aliyeinama hakuweza kurusha mkuki. Ndani mna nyasi, miti na alama za makao ya watu wa kale. Kutani hapapandwi, kwa kuwa jiwe moja likitoka mengine hulifuata.

Uchanganuzi
1. Pa- huonyesha mahali dhahiri, panapoweza kunyoshewa kidole: pale inapovutwa mitumbwi, penye njia panda, langoni pake.

2. Ku- huonyesha mahali pasipo mpaka dhahiri, au upande na mwelekeo: huku kunavuma upepo, kule mashariki, njiani kuna jua.

3. M- (mu-, mw-) huonyesha undani: mitumbwini mna nyavu, humu hatukati mti, msituni mwetu.

Viambishi hivi hujitokeza katika aina mbalimbali za maneno, kama ifuatavyo:
Vionyeshi: hapa, huku, humu, hapo, huko, humo, pale, kule, mle.
Vimilikishi: pangu, kwangu, mwangu.
Virejeshi: alipo, aliko, alimo.
Kivumishi -ote: pote, kote, mote.
Kitenzi kuwa na: pana, kuna, mna.

Tutanabahi kwamba m- ya mahali inafanana kwa umbo na m- ya nafsi ya pili wingi. Mmetulia yaweza kuwa na maana ya ninyi mmetulia, au ya mle ndani mmetulia. Muktadha ndio uamuao, na mwandishi mwangalifu hutaja nomino ya mahali ili kuondoa shaka: msituni mmetulia.

Uzito wa kiambishi kimoja
Tuchukulie kwamba mwalimu amewafikisha wanafunzi ufukweni Majanji, naye anataka kuwakataza kucheza karibu na maji. Ana njia tatu za kusema:
(a) Hapa hapachezwi.
(b) Huku hakuchezwi.
(c) Humu hamchezwi.

Sentensi hizi zote ni sanifu, lakini makatazo yake hayalingani. Ya kwanza inakataza sehemu moja tu. Mtoto mtiifu akisogea hatua kumi na kucheza huko, hajavunja amri. Ya tatu inakataza ndani ya maji. Mtoto anayecheza ukingoni penye utelezi naye hajavunja amri. Ya pili pekee ndiyo iuenezao ufukwe wote. Mwalimu aliyekusudia (b) akatamka (a) hawezi kumlaumu mtoto, kwa maana mtoto amesikia sarufi ilivyo. Kinyume chake, mwalimu akitaka watoto wamngoje, aseme ningojeni hapa penye mti huu, wala asiseme ningojeni huku, wasije wakatawanyika.

Athari ya lugha ya kwanza
Wanachuo wasemao Kiganda au Kisamia huja na hazina yao, kwa kuwa lugha hizo za Kibantu nazo zina viambishi vya mahali. Lakini hazina hiyo ina mtego. Katika Kiganda mu kibira ni msituni, na hapo mu- inakubaliana na m- ya Kiswahili. Ila ku mmeeza ni juu ya meza: ku- ya Kiganda hugusa uso wa kitu, ilhali ku- ya Kiswahili haidhihirishi mahali hasa. Mwanachuo akisema mezani kuna kitabu akikusudia kitabu anachokiona pale juu, ameihamishia ku- ya kwao katika Kiswahili. Panapodhihirika, sentensi bora ni mezani pana kitabu.

Wasemao Kiteso na Kipadhola, ambazo si lugha za Kibantu, hawana mtego huo, lakini hawana pia mazoea ya viambishi hivi. Kosa lao la kawaida, ambalo hata wengine hulifanya, ni kuiacha nomino ya mahali ifuate ngeli yake ya awali. Tulinganishe:

Si sahihi: nyumbani yangu, msituni ni mkubwa, katika ziwani, Majanjini, mwalimuni.
Sahihi: nyumbani kwangu, msitu ni mkubwa, katika ziwa au ziwani, Majanji, kwa mwalimu.

Mifano mitatu ya mwisho ina kanuni zake. Katika na -ni hazifuatani, kwa kuwa kila moja inatosha. Jina la pekee la mahali halitiwi -ni, lakini hupatanishwa kimahali: Majanji kunapendeza. Na nomino ya mtu haitiwi -ni, bali hutanguliwa na kwa.

Ushauri wa kufundishia
Tunapendekeza somo hili lisianzie ubaoni. Mwalimu awatoe wanafunzi nje, awasimamishe mlangoni, kisha uwanjani, kisha awarudishe darasani, na kila mahali awaulize: Hapa pana nini? Huku kuna nini? Humu mna nini? Miguu ikishajua tofauti, ulimi hautachelewa kuijua. Matembezi ya ziwani au msituni yatakuja baadaye, kuwa mtihani wa yale waliyojifunza karibu na nyumbani.

Zoezi
1. Jaza pengo kwa pana, kuna au mna, na ueleze sababu: (a) Kisimani ___ chura. (b) Mashariki ya Majanji ___ Mto Sio. (c) Langoni ___ mlinzi.
2. Sahihisha: (a) Shuleni yetu ni kubwa. (b) Tulitembea katika msituni. (c) Tulipumzika Busitemani.
3. Eleza tofauti ya maana: (a) Watoto wapo. (b) Watoto wako. (c) Watoto wamo.
4. Andika maagizo matano ya kuwasomea wanafunzi kabla ya matembezi katika msitu au ufukwe ulio karibu na chuo chako. Kwa kila agizo, eleza ni jambo gani lingetokea iwapo kiambishi cha mahali kingebadilishwa.