Vijiti vya pedi za gemu: Hasara inayojificha katika mtumba

MFANYABIASHARA anayenunua pedi za gemu zilizotumika, ziwe za kuuza au za kibanda cha michezo, mara nyingi hukagua mambo mawili tu: kama pedi inawaka na kama vitufe vinabonyea. Kasoro inayokula mtaji iko kwingine, kwenye vijiti viwili vinavyosukumwa kwa dole gumba.

Dalili yake ni kwamba mchezaji ameondoa kidole, lakini mtu aliye kwenye skrini anaendelea kutembea mwenyewe.

Chini ya kila kijiti, katika pedi nyingi zikiwamo DualShock 4 na DualSense za Sony, kuna vipimo viwili vya umeme: kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto. Ndani ya kila kipimo, kiguso kidogo cha chuma hupita juu ya utepe wa kaboni. Utepe ukilika kwa msuguano, pedi hupewa taarifa ya uongo.

Huu ni uchakavu, kama wa tairi la gari. Nintendo, iliyoanza kuuza mashine ya Switch Machi 2017, ililalamikiwa sana kwa kasoro hiyo, na Juni 2020 rais wake, Shuntaro Furukawa, aliwaomba radhi wateja.

Mnunuzi anashauriwa kwenda sokoni na kompyuta ndogo na waya. Pedi ikichomekwa, dirisha la Windows liitwalo joy.cpl huonyesha alama ya msalaba. Kijiti kizungushwe, kisha kiachiwe, mara kadhaa. Msalaba usiporudi katikati, au ukitetemeka, kijiti kimechoka.

Hesabu yake ni hii. Chukulia mtu amenunua pedi 10 kwa Sh 20,000 kila moja, jumla Sh 200,000. Tatu zikiwa mbovu na zisiuzike, kila moja ya saba zilizobaki imemgharimu karibu Sh 28,600. Akiuza kwa Sh 27,000 akidhani anapata faida ya Sh 7,000, kumbe anapata hasara. Lakini kama kutengeneza kila mbovu kunagharimu Sh 8,000, pedi zote 10 zinauzika, na kila moja imemgharimu Sh 22,400.

Kuhusu matengenezo, kupuliza vumbi na kupaka spiriti safi husaidia pale penye uchafu. Utepe uliolika haurudi. Kuongeza kwenye mchezo eneo la katikati lisilohesabiwa huficha tatizo tu. Dawa ya kudumu ni kubadilisha kijiti kizima, kazi yenye sehemu 14 za kulehemu katika pedi za aina hiyo ya Sony, hivyo inahitaji fundi mwenye mkono mzuri. Baada ya hapo kitovu cha kijiti kisawazishwe upya.

Vipo pia vijiti vinavyotumia sumaku badala ya utepe. Kwa kuwa sehemu zake za kupimia hazigusani, hazilikani kwa msuguano. Kwa pedi ya kibanda, inayochezewa kutwa, gharama ya ziada inaweza kurudi.

Mwenye kibanda aweke kijiti kwenye hesabu ya uchakavu tangu siku ya kwanza, na atenge fedha kidogo kila wiki. Asiyefanya hivyo atakuwa anakula mtaji akidhani anakula faida.