Zebaki Isichomwe Jikoni

Tone la zebaki likidondokea pete ya dhahabu, pete hubadilika rangi, ikawa nyeupe kama fedha. Usidhani imepakwa rangi tu: zebaki imezama kwenye dhahabu yenyewe. Tabia hiyo ndiyo wanayoitumia wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya. Wakiimwaga kwenye karai lenye mchanga uliosagwa na kuoshwa, zebaki hunasa chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni na kuacha mchanga. Wenyewe huiita kazi hiyo kukamatisha.

Mchanganyiko ukikamuliwa kwenye kitambaa, hubaki kidonge cha kijivu ambacho karibu nusu yake ni zebaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka 1,064. Kwa hiyo kidonge kikiwekwa motoni, zebaki hutoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na leso puani haiuzuii.

Wengi huchomea jikoni, mlango umefungwa, kwa kuogopa wezi. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini mvuke ukipoa hugeuka tena zebaki, ukatua kwenye mabati, chandarua na sakafu anapotambaa mtoto, kisha huendelea kupaa kidogo kidogo hata siku ambazo hakuna anayechoma. Ukivutwa huingia kwenye damu, ukafika kwenye ubongo na figo. Kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Mtu huanza kumwaga chai kwa sababu mikono inatetemeka. Hapati usingizi, anasahau, anakasirika ovyo. Majirani husema karogwa.

Kama ni lazima kuchoma, choma nje, mbali na nyumba, kwa retorti: chungu cha chuma kilichofungwa vizuri, chenye bomba linalopoozwa kwa maji ili zebaki irudi kuwa kimiminika na kukusanywa. Sufuria iliyochomea dhahabu isipikie tena chakula, hata ikisuguliwa ikang'aa. Nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za watoto.

Zebaki ikimwagika ndani, usifagie, maana ufagio huyatawanya matone. Watoe watoto, fungua madirisha, yasukume matone kwa kipande cha kadibodi na uyatie kwenye chupa yenye kifuniko.

Na ukienda zahanati, mwambie tabibu mapema kwamba nyumbani kwenu mnachoma dhahabu. Usiposema, hatajua kwamba anapaswa kuitafuta zebaki.