Pombe na jinamizi la ajali: tuanze na lipi?

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Himo. Kijana aliyenusurika ajali ya bodaboda anakunywa gongo ili apate usingizi. Naambiwa nisiguse habari za ajali mpaka aache pombe. Ni sahihi? Nijifunze nini?

Jibu: Si sahihi, na ushauri huo umewapoteza wengi. Akiacha pombe huku jinamizi likimwamsha kila usiku, ni rahisi kuirudia. Yatibiwe pamoja.

Hulazimiki kuwa mwanasaikolojia. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wauguzi wa idara ya dharura wamefundishwa kuzungumza na majeruhi wanaokunywa, chini ya mpango wa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Nao washauri wasio wanasaikolojia wa Moshi na Bungoma, Kenya, walifundishwa kutibu kiwewe cha watoto waliofiwa na wazazi. Utafiti kuhusu kazi yao ulichapishwa 2020. Washauri hao walijifunza kwa kuigiza mazungumzo, kisha wakasimamiwa kila wiki. Semina ya siku mbili isiyo na msimamizi haitoshi kabisa.

Muulize: “Mdogo wangu, hamu ya kunywa ikija, unakuwa umekumbuka nini?” Usimlazimishe kusimulia ajali. Na akiacha pombe ghafla akaanza kutetemeka, kuweweseka au kupata degedege, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.