SOMO LETU: TOVUTI YA CHAMA NA VIVINJARI VYA WANACHAMA



Chama kinapoamua kujenga tovuti, fundi hana budi kuulizwa swali moja ambalo kamati nyingi hulipita haraka: tovuti hii itafunguka katika vivinjari vipi? Jawabu lake ndilo huamua nani atapata habari za chama na nani atakosa.

Kivinjari ni nini?

Kivinjari ni programu ya simu au kompyuta inayoleta kurasa za tovuti na kuzionyesha kwenye kioo. Cha kwanza kilitungwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990, katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Leo majina ni mengi, lakini injini kubwa za ndani ni tatu. Chrome, Edge, Opera na kivinjari cha simu za Samsung hutumia Blink. Safari ya iPhone hutumia WebKit. Firefox hutumia Gecko. Kwa hiyo anayejaribu tovuti katika Chrome, Safari na Firefox amezigusa injini zote tatu.

Hata hivyo, umri nao ni tatizo. Microsoft ilisitisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, na tangu mapema mwaka 2023 kompyuta za Windows 7 hazipati Chrome mpya. Simu kongwe nazo hufika mahali zikaachwa nyuma. Tena iko Opera Mini: katika hali yake ya kubana data, ukurasa hutayarishwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni, ndipo ukatumwa ukiwa mwepesi. Bando huokoka, lakini skripti nyingi hazifanyi kazi.

Nani anatusoma?

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wengi ni wanawake. Mnunuzi wa ng'ambo ana kompyuta mpya. Mgeni aliyefikia Mji Mkongwe, anayetafuta sabuni ya mwani, ana iPhone. Mwanachama wa Paje ana simu aliyoachiwa na mwanawe. Fundi huonyesha kazi yake kwenye kompyuta mpya, kamati ikaridhika. Mwanachama akifungua nyumbani, huona ukurasa mweupe.

Huyo ndiye mwenye hisa. Kanuni ya 5 ya ushirika, katika tamko la Manchester la mwaka 1995, ni elimu, mafunzo na habari. Asiyepata tangazo la mkutano mkuu hawezi kupiga kura yake, na asiyeijua bei huuza kwa hasara. Kamba hukatikia pabovu.

Namna ya kuamua

1. Hesabuni wenyewe. Siku ya kupima mwani, katibu amwulize kila mwanachama anatumia simu gani na kivinjari gani. Takwimu za dunia hazimjui mkulima wa Bwejuu. Takwimu za tovuti yenyewe nazo zaweza kudanganya: aliyeshindwa kuingia harudi, na pengine hakuhesabiwa kabisa, kwani vihesabio vingi ni skripti.

2. Tenganisheni cha lazima na cha pambo. Bei, tarehe za mikutano na namba za simu ziwe maandishi ya HTML ya kawaida, yafunguke kila mahali. Ramani na picha zinazotembea ziwe nyongeza. Kivinjari huruka alama za HTML kisizozijua, lakini skripti ikikwama, ukurasa uliojengwa juu yake hukwama nao.

3. Andikeni katika mkataba. Tajeni vivinjari vilivyokubaliwa, na malipo ya mwisho yangoje majaribio katika simu halisi za wanachama.

4. Wekeni mpaka. Kila kivinjari cha zamani huongeza gharama, na fedha ni za wanachama. Kusoma bei kwa kivinjari kikongwe si vibaya. Kulipa fedha au kuandika neno la siri humo ni hatari, kwa kuwa hakirekebishwi tena kiusalama.

5. Rudieni hesabu kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu.

Wala tusiwasahau wenye simu za kitochi zisizo na kivinjari. Kwao, ujumbe mfupi na ubao wa matangazo viendelee.

Maswali ya kujadiliana

(a) Katika chama chetu, wanachama wangapi wanaweza kufungua tovuti leo?
(b) Ni habari zipi tatu ambazo kila mwanachama lazima azipate?
(c) Nani atazijaribu kurasa kabla ya fundi kulipwa, na kwa simu ya nani?

Katibu ayaandike majawabu katika kumbukumbu za mkutano, na fundi apewe nakala kabla hajaanza kazi.